Breki ya Pikipiki ya Marehemu Baba

Marehemu baba yangu alituachia vitu vichache: nyumba ndogo Likoni, saa ya mkononi isiyokwenda, sanduku la spana, na pikipiki moja aina ya Honda CB500. Katika nyumba tunakaa mimi, dada yangu mkubwa, na mwanawe. Saa aliichukua dada. Spana na pikipiki niliambiwa kuwa ni zangu, si kwa sababu nilistahili kuliko mwenzangu, bali kwa sababu tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia baba taa alipokuwa akitengeneza usiku. Kushika taa si kujua kutengeneza. Jambo hilo nilikuja kulijua baadaye, na nililijua kwa gharama.

Pikipiki za namna hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1971. Ndugu yake mkubwa, CB750, ilikwisha kutoka Ujapani mwaka 1969 na kuushangaza ulimwengu, kwa kuwa ilikuwa na silinda nne zilizopangwa sambamba, na gurudumu la mbele lenye breki ya sahani inayosukumwa na mafuta. Wakati ule pikipiki nyingi zilikuwa na breki za ngoma zinazovutwa kwa waya, kama zilivyo bodaboda nyingi hata leo. Vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu wakiiona pikipiki ya baba huicheka kwa uzito wake. Kisha nikiiwasha wakaisikia sauti yake, huacha kucheka.

Niliitoa chini ya turubai baada ya miaka mingi ya kukaa bure. Injini haikunisumbua sana. Nilisafisha kabureta zake nne, nikabadili mafuta, plagi na betri, ikanguruma. Kwa furaha niliyokuwa nayo, sikujali kuona kwamba chini ya mkono wa breki, upande wa kuume wa usukani, palikuwa na unyevu kidogo. Niliufuta kwa kitambaa. Kesho yake ulikuwapo tena. Nikaufuta tena.

Kabla sijaendelea, yafaa nimweleze msomaji kitu kile kilichokuwa kikivuja ni kitu gani, maana bila kukijua hataona ubaya wa tone moja. Kwenye usukani, karibu na mkono wa breki, pana kikopo cha kuwekea mafuta. Chini ya kikopo hicho pana tundu refu la mviringo ndani ya bati nene la alumini, nalo ndilo linaloitwa masta silinda, au masta tu kwa kauli ya mafundi. Ndani ya tundu hilo mna pistoni ndogo, na mbele ya pistoni mna raba yenye umbo la kikombe, ambayo midomo yake hugusa ukuta wa silinda pande zote. Dereva akibana mkono wa breki, pistoni husukuma raba, raba husukuma mafuta, na mafuta hupita katika mpira mpaka chini kwenye gurudumu, yakasukuma pistoni nyingine iliyo kubwa zaidi, na hiyo ikabana sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Springi huirudisha pistoni ya juu mahali pake, na nyuma yake iko raba ya pili, ambayo kazi yake ni kuyazuia mafuta yasitoke nje.

Shuleni tulifundishwa kanuni ya Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka 1662, ya kwamba kani inayosukuma maji au mafuta yaliyofungiwa huenea ndani yake kila upande kwa mkazo ulio sawa. Tuliikariri kama tulivyokariri mengine, tukaiandika kwenye mtihani, tukaisahau. Lakini hebu tufanye hesabu. Tuseme pistoni ya juu ina kipenyo cha milimita 14, na ya chini ina milimita 42. Kipenyo cha pili ni mara 3 ya cha kwanza. Lakini eneo lake, kwa kuwa huhesabiwa kwa mraba, ni mara 9. Basi nguvu ya vidole vinne juu huwa mara 9 chini, bila kuhesabu mkono wenyewe, ambao ni wenzo nao huongeza. Ndiyo maana mtu mwembamba huweza kusimamisha pikipiki ya kilo karibu 200 kwa vidole vyake. Na ndiyo maana vilevile tundu dogo kama ncha ya sindano, likipitisha mafuta nje au hewa ndani, laweza kuivunja nguvu hiyo yote. Mafuta hayabanwi yakapungua; hewa hubanwa. Penye hewa ndani ya mpira, vidole vyako hubana hewa, na gurudumu halina habari.

Mafuta yenyewe nayo yana tabia yake. Si mafuta kama ya kupikia wala kama ya injini. Ni kemikali ya jamii ya glaikoli, nayo hupenda maji. Hunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata kupitia mipira na vifuniko. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hutakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakiisha kunywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, kama hewa, hubanwa. Na hata yasipochemka, maji yale hukaa chini ya silinda na kula alumini, yakachimba vishimo. Sasa ifikirie hewa ya pwani yetu, ambamo chumvi ya mezani hugeuka uji katika msimu wa mvua, kisha ufikirie mafuta yaliyokaa ndani ya masta ile miaka yote asiyaguse mtu. Nilipokifungua kikopo kwa mara ya kwanza nilikuta kitu cheusi mfano wa chai ya mkandaa, na chini yake matope.

Baada ya wiki tatu za kufuta kwa kitambaa, nilianza kuona malengelenge katika rangi ya tangi, pale matone yalipokuwa yakiangukia. Mafuta ya breki hula rangi. Naona aibu kusema kwamba ni rangi iliyonishtua, wala si breki. Baba aliipenda rangi ile.

Nikanunua raba mpya, pistoni na springi, vyote katika mfuko mmoja, nikamchukulia masta fundi mmoja mzee wa Majengo ambaye baba alikuwa akimwendea. Sikumpelekea kazi, nilitaka tu anifungulie kipete cha chuma kinachoizuia pistoni isitoke, kwa kuwa kimeingia ndani sana, na koleo langu halikukifikia. Alikifungua kwa muda mfupi kuliko niliotumia kumweleza. Pistoni ikatoka pamoja na kutu nyeupe. Mzee akachukua tochi, akachungulia ndani, kisha akachukua kijiti chembamba akakipitisha ukutani taratibu, macho yake yakitazama kwingine, kama daktari anayesikiliza kifua.

“Silinda imeliwa, mwanangu,” akasema. “Raba mpya haitakaa humu.”

“Vishimo ni vidogo, mzee. Nitavipiga msasa.”

“Msasa huondoa vishimo kwa kuondoa ukuta.”

Nilimshukuru, nikaenda zangu. Sikuwa na ubishi naye. Nilikuwa na haraka, na tena nilikuwa na msasa. Jioni ile nilizungusha msasa ndani ya silinda kwa kidole na kijiti mpaka ikang'aa. Niliyoyafanya ni haya, nami nayasema ili asiyarudie mwingine: niliyafuta mashimo madogo, nikayaacha makubwa mawili, na nikaipanua silinda pasipo usawa, ikawa si duara kamili. Raba hutegemea ukuta ulio laini na duara. Nilipofunga kila kitu na kutia mafuta mapya, breki ilishika vizuri sana. Ilishika vizuri kwa siku kumi na moja.

Kisha unyevu ukarudi. Safari hii sikuweza kusema kuwa sijui. Nilijua ni nini, na mahali ulipotoka, na nani aliyekwisha kuniambia. Hata hivyo nilifanya kama wafanyavyo watu wengi wenye deni: nililipa kidogo kidogo ili nisilipe lote. Kila Jumapili niliongeza mafuta katika kikopo.

Jumapili moja nilisahau.

Kesho yake, Jumatatu asubuhi, mvua ya masika ilikuwa imekatika punde tu. Mpwa wangu alikuwa na safari ya kwenda kisiwani kuchukua karatasi zake za kuombea nafasi chuoni, nami nikampakia. Msomaji aliyewahi kupita Likoni anaujua ule mteremko wa zege unaoshuka kutoka barabarani mpaka kwenye feri, na baada ya feri ni bahari. Tulikuwa katika foleni, magari mbele na nyuma, na watu kwa mamia ubavuni. Foleni ikaanza kuteremka. Mbele yetu alikuwapo mtu wa mkokoteni aliyepakia magunia ya viazi, akiuzuia kwa kisigino na mgongo, kama wajuavyo wenyewe.

Nilibana mkono wa breki. Ukaja wote mpaka ukagusa mpini, pasipo ukinzani hata kidogo. Nikaachia nikabana tena: hapana kitu. Nadhani kwa jinsi pikipiki ilivyoinama mbele, mafuta machache yaliyobaki yalikimbilia upande mmoja wa kikopo, silinda ikavuta hewa. Lakini hayo niliyafikiri baadaye. Wakati ule sikufikiri. Nilikanyaga breki ya nyuma, gurudumu likafunga na kuteleza juu ya zege lililolowa, pikipiki ikageuka ubavu, na mimi na mpwa wangu na urithi wa baba yetu tukaangukia magunia ya viazi.

Nasema tuliangukia viazi, na watu huweza kucheka. Lakini upande wa kushoto wa mkokoteni alikuwapo mwanamke mwenye mtoto mgongoni, umbali usiozidi hatua mbili. Bado namwona.

Mwenye mkokoteni hakutukana, ingawa alikuwa na haki. Aliiangalia pikipiki, akaubana mkono wa breki kwa kidole kimoja, ukaenda wote. Akaniuliza, “Breki huna, na abiria umempakia?” Sikuwa na jibu. Nilimlipa viazi vilivyopondeka. Mpwa wangu alikuwa amekaa ukingoni, kofia ngumu bado kichwani, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimeteguka, na kilikwisha kuanza kuvimba.

“Si kitu, mjomba,” akasema. Neno hilo liliniuma kuliko la yule bwana.

Dada hakupiga kelele. Alimfunga mwanawe kifundo, akampa chai, akamwambia akalale. Kisha akanijia uani, nilipokuwa nimesimama kando ya pikipiki nikijifanya kuichunguza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza habari ya raba, na msasa, na kikopo. Nilipokwisha alisema, “Baba alikuachia pikipiki, kaka. Mwanangu hakukuachia yeye. Nilikuazima mimi.” Akaingia ndani.

Kesho yake nilirudi Majengo. Mzee aliitazama silinda niliyoing'arisha, akapitisha ukucha ndani yake mara mbili, asiseme lolote kuhusu msasa. Nilimwambia kuwa niko tayari kuitupa na kununua masta mpya ya kuigiza, hata kama haifanani. Wapenzi wa vitu vya kale huona haya kufunga kitu kisicho cha asili, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini siku ile ningefunga hata kitu cha rangi ya waridi, ilimradi kishike. Mzee akatikisa kichwa. Bati la nje halina ufa, akasema, na nyuzi za skrubu zingali nzima. Kilichoharibika ni ukuta tu, na ukuta huwekwa mwingine.

Kazi ya kuuweka ukuta huo niliiona kwa macho yangu, maana safari hii sikuondoka. Mzee alinipeleka kwa mwenzake mwenye mashine ya kukereza vyuma. Walilipanua lile tundu la alumini sawasawa, wakakereza mwanzi mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, wakaushindilia ndani ukakaza, kisha wakautoboa na kuusugua mpaka kipenyo chake cha ndani kikarudi kuwa kile cha zamani. Walipima kwa chombo, wakasugua, wakapima tena. Sikuwaona wakikadiria kwa jicho hata mara moja.

Yalibaki matundu mawili. Chini ya kikopo pana tundu kubwa kidogo, ambalo hupitisha mafuta nyuma ya raba ya kwanza, na pana jingine dogo mno, lisilofika milimita moja, mbele tu ya midomo ya raba hiyo inapokuwa imepumzika. Mwanzi mpya ulikuwa umeyaziba yote mawili, na ilibidi yatobolewe upya mahali palepale. Hapo mzee alizima redio. Tundu hilo dogo ndilo linaloyaruhusu mafuta kurudi kikoponi dereva anapoachia breki. Likiwa limeziba, au likitobolewa nyuma ya mahali pake, mafuta yaliyopata joto na kutanuka hayana njia. Yatabana sahani yenyewe bila kuombwa, breki izidi kupata moto, na gurudumu la mbele laweza kufunga barabarani. Alinionyesha kwamba katika masta yangu lilikuwa limekwisha kuziba nusu kwa ule uchafu mweupe hata kabla ya haya yote. Sikuwa nimejua kuwa lipo. Alitoboa kwa keekee nyembamba kama sindano ya kushonea. Kisha akatumia robo saa nzima kuondoa kijino kikali kilichobaki upande wa ndani, ambacho kama kingeachwa kingeikata midomo ya raba kila inapopita.

Kuunganisha nilifanya mwenyewe, mzee akinitazama. Niliosha kila kitu kwa mafuta mapya ya breki, si kwa petroli, kwa sababu petroli huivimbisha raba ya namna hii na kuiharibu. Nililowesha raba, nikaingiza springi, kisha kikombe cha raba midomo ikielekea mbele, kule mafuta yanakosukumwa, nikihakikisha kuwa hakuna mdomo uliojikunja. Kisha pistoni, kisha kipete. Kipete kilipoingia katika mfereji wake kililia kwa sauti ndogo, na mzee akasema, “Sasa kizungushe uone kama kimekaa kweli.” Nilikizungusha. Kilikuwa kimekaa.

Lililobaki ni kutoa hewa, na kazi hiyo hutaka watu wawili: mmoja wa kubana mkono wa breki na kuushikilia, mwingine wa kufungua skrubu ndogo kule chini ili hewa itoke, na kuifunga kabla mkono haujaachiliwa. Kwa desturi msaidizi wangu ni mpwa wangu. Kifundo chake kilikuwa bado kimefungwa. Jioni nikawa nimepiga magoti kando ya gurudumu, natazama kilikokaa kile kikopo na pale nilipokuwa mimi, na kuona kuwa mikono yangu haitoshi.

Dada alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga. Hakuniuliza. Alishika mkono wa breki.

“Nibane?”

“Bana, dada. Shikilia. Usiachie mpaka nikuambie.”

Nilifungua. Katika kijibomba cha plastiki nilichokitumbukiza ndani ya chupa yenye mafuta, vilitoka vipovu vingi. Nikafunga. “Achia polepole.” Akaachia. “Bana.” Tuliendelea hivyo, kila baada ya mara chache nikisimama kuongeza mafuta katika kikopo, maana kikiisha hewa huingia tena na kazi huwa bure. Vipovu vikapungua, vikawa kimoja kimoja, vikakoma. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mpwa wangu akaja akatushikia taa kwa mkono wake wa kushoto.

“Sasa umekuwa mgumu,” dada akasema. “Hauendi.”

Nilimwomba aubane kwa nguvu zake zote. Alibana mpaka mishipa ya mkono ikamtoka. Mkono wa breki ulikwenda robo ya njia, ukasimama. Alikaa hivyo kwa muda, akiungojea uteremke. Haukuteremka.

Usiku ule niliufunga mkono wa breki kwenye mpini kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ili mafuta yakae chini ya mkazo mpaka asubuhi. Nami nikatandika karatasi nyeupe juu ya tangi, na nyingine chini karibu na gurudumu. Sikulala vizuri. Alfajiri nilipotoka, dada alikuwa amekwisha kutangulia. Alikuwa ameinama ameshika ile karatasi ya juu, anaigeuza huku na huku kuelekea mwanga wa mashariki. Aliipitisha kidole, akakinusa. Ilikuwa kavu.

Aliikunja mara mbili akaitia kifuani. “Leo nenda peke yako,” akasema. “Na kesho. Jumatatu tutaangalia karatasi nyingine.”